Siku Waliyoacha Kumpitia Syd: Uchambuzi wa Kisa cha Pink Floyd

Tarehe 26 Januari 1968, vijana wanne walikuwa ndani ya gari wakitoka London kwenda Southampton, kusini mwa Uingereza, ambako jioni hiyo walitarajiwa kupiga muziki katika chuo kikuu cha mji huo. Kwa kawaida gari lilipaswa kwanza kumpitia mwenzao wa tano, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wa karibu nyimbo zote zilizowapatia jina. Mmoja akauliza kama wampitie Syd, na mwingine akajibu kwamba hakuna haja ya kujisumbua. Gari likashika njia. Hakukuwa na kikao wala barua, na mhusika mwenyewe hakuambiwa lolote siku hiyo. Ilipofika tarehe 6 Aprili ndipo ilipotangazwa hadharani kwamba Syd Barrett si mwanachama tena wa bendi yao ya roki, Pink Floyd.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kijana mwenye kipaji aliyeharibiwa na dawa za kulevya, na kwa kuwa husimuliwa hivyo, jambo lililo la maana zaidi ndani yake hupotea. Kinachonishughulisha hapa ni swali la kazi, kwamba bendi inayomtegemea mtunzi mmoja hufanya nini mtunzi huyo anaposhindwa kutunga na kupiga, huku mikataba imesainiwa na maonyesho yamekwisha kuuzwa. Kwa maoni yangu, uamuzi wa kuendelea bila Barrett ulikuwa sahihi kimuziki, lakini namna ulivyochukuliwa, yaani kimyakimya, kila mmoja akimwachia mwenzake kulisema lisilosemeka, ikawa desturi ya bendi hiyo hadi mwisho. Nyimbo zao zinazopendwa kuliko zote zilichipuka katika jeraha la siku ile, na ugomvi uliokuja kuwatawanya ulitokana na ukimya uleule.

Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright walikutana mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakisomea usanifu majengo katika chuo cha Regent Street Polytechnic jijini London, na walipiga pamoja chini ya majina kadhaa yaliyokuja na kupita. Barrett, aliyezaliwa Cambridge tarehe 6 Januari 1946 na kupewa jina la Roger Keith, alifika London mwaka 1964 kusomea uchoraji katika chuo cha Camberwell. Waters naye alikulia Cambridge, kwa hiyo walikwisha kufahamiana. Barrett ndiye aliyeipa bendi jina, akiunganisha majina ya wapiga bluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council, na ndiye aliyeiondoa katika kuiga nyimbo za watu na kuipa nyimbo zake yenyewe.

Sauti yao ya mwanzo haikufanana na ya bendi nyingine nyingi za London. Katika klabu ya UFO, iliyofunguliwa Desemba 1966 kwenye barabara ya Tottenham Court, walicheza vipande virefu visivyo na kibwagizo, huku taa zikipenya kwenye vioo vyenye mafuta na rangi za maji zilizochemka na kutiririka juu ya miili yao, hata ikawa vigumu kuona nani anapiga nini. Barrett aliburuza kiberiti cha chuma juu ya nyuzi za gitaa lake, kisha akaipitisha sauti kwenye mashine ya mwangwi ili noti moja irudi mara nyingi kabla ya kuzimika. Huo ndio uliokuwa mtindo wa saikedelia, muziki uliokusudiwa kuunyoosha na kuukunja wakati kama wanavyousikia watumiaji wa dawa ya kulevya ya LSD. Wanachama wengine wa bendi, ni vyema kusema, hawakuwa watumiaji wakubwa wa dawa hiyo. Barrett alikuwa.

Lakini mtu huyohuyo wa vipande virefu alikuwa pia na sikio la wimbo mfupi. "Arnold Layne", santuri yao ya kwanza ya wimbo mmoja iliyotoka Machi 1967 chini ya mtayarishaji Joe Boyd, ilisimulia habari za mwanamume anayeiba nguo za kike kwenye kamba za kuanikia, na ilifika nafasi ya 20 katika chati za Uingereza ijapokuwa kituo kimoja cha redio kilikataa kuipiga. "See Emily Play" ilifuata mwezi Juni na kupanda hadi nafasi ya 6. Agosti ikatoka albamu ya kwanza, "The Piper at the Gates of Dawn", iliyorekodiwa katika studio za EMI kwenye barabara ya Abbey (Abbey Road) wakati Beatles wakiwa chumba kingine cha jengo hilohilo wakikamilisha albamu yao ya "Sgt. Pepper". Ndani ya albamu hiyo kuna "Astronomy Domine" yenye majina ya sayari na nyota, kuna "Interstellar Overdrive" isiyo na maneno inayokaribia dakika 10, na kuna "Bike", wimbo wa mtu anayemwonyesha msichana baiskeli yake, joho lake na panya wake kwa furaha ya kitoto ambayo polepole inaanza kumtia msikilizaji wasiwasi. Barrett aliandika peke yake nyimbo 8 kati ya 11. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa, kwa maana ndiyo iliyowachanganya wengi katika yaliyofuata.

Kuanguka kwake kulikuwa kwa haraka mno. Mwezi Agosti uleule maonyesho kadhaa yalifutwa na sababu iliyotolewa kwa magazeti ilikuwa uchovu. Katika ziara ya Marekani mwezi Novemba, wenzake walisema baadaye, alilegeza nyuzi za gitaa jukwaani hadi zikaning'inia, na kwenye kipindi cha televisheni cha Pat Boone aliulizwa maswali akabaki amekodoa macho. Waliporudi nyumbani na kuzunguka nchi wakiwa pamoja na Jimi Hendrix, kuna usiku ambao hakupatikana kabisa, na mpiga gitaa wa bendi nyingine iliyokuwamo katika ziara hiyo, Davy O'List wa The Nice, akasimama mahali pake. Santuri ya tatu, "Apples and Oranges", haikuingia katika chati. Waliokuwa karibu naye wametofautiana tangu hapo kuhusu chanzo: wengine walitaja LSD, wengine ugonjwa wa akili uliokuwa ukimnyemelea, wengine shinikizo la kudaiwa wimbo mwingine wa kupendwa kila baada ya miezi mitatu. Tukumbuke kwamba alikuwa na umri wa miaka 21.

Upo wimbo mmoja wa kipindi hicho ambao mimi huuona kuwa ushahidi mkubwa kuliko simulizi zote za jukwaani. "Jugband Blues" ulirekodiwa Oktoba 1967, miezi mitatu kabla ya safari ya Southampton. Barrett aliomba waletwe studio wapulizaji wa tarumbeta wa Jeshi la Wokovu, kisha akataka wapige chochote kinachowajia, jambo lililomshangaza mtayarishaji wao Norman Smith, aliyezoea muziki ulioandikwa kwenye karatasi. Katika maneno yake mwimbaji anawashukuru wenyeji wake kwa adabu zote kwa kumfikiria kuwa yupo hapo, na papo hapo anawafahamisha kwamba hayupo. Mwishoni kelele za tarumbeta zinakatika ghafla, anabaki na gitaa lake na maswali mawili matatu, basi. Mtu aliyeweza kuieleza hali yake kwa usahihi wa namna hiyo hakuwa amepoteza fahamu zote. Alikuwa akiwaaga, na wao, kama watu wengi wanaoagwa, waliendelea kupanga ratiba ya juma lililofuata.

Sasa tuutazame uamuzi wenyewe. Mwisho wa mwaka 1967 bendi ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kusubiri apone, lakini bendi isiyopanda jukwaani haikuwa na kipato kingine. Ya pili, ambayo ndiyo waliyoanza nayo, ilikuwa kumwongeza mtu wa kupiga na kuimba sehemu za Barrett jukwaani, huku Barrett akibaki nyumbani kutunga, kama alivyokuwa akifanya Brian Wilson wa Beach Boys huko Marekani. Aliyeitwa kwa kazi hiyo ni David Gilmour, kijana wa Cambridge aliyejifunza gitaa pamoja na Barrett walipokuwa wanafunzi na kuzunguka naye kusini mwa Ufaransa mwaka 1965 wakipiga barabarani kwa ajili ya sarafu za wapita njia. Kwa majuma machache ya Januari 1968 Pink Floyd ilikuwa na watu watano. Katika mazoezi ya siku hizo Barrett aliwaletea wimbo ambao kila walipodhani wameushika aliubadilisha, huku akiwauliza kwa kuimba kama wameupata. Waters alisema baadaye kwamba ilimchukua muda kutambua kuwa hakukuwa na kitu cha kupata. Njia hiyo ya pili haikuwa na msingi, kwa sababu ilidhani kwamba tatizo la Barrett lilikuwa jukwaa peke yake. Ilibaki ya tatu, kwenda bila yeye, na hiyo ndiyo waliyoichukua ndani ya gari.

Mameneja wao, Peter Jenner na Andrew King, waliona vingine. Kampuni yao ya Blackhill Enterprises ilikuwa ubia wa watu sita wenye hisa sawa, mameneja wawili na wanamuziki wanne, na bendi ilipopasuka wao walikwenda na Barrett, wakiamini kwamba alipo mtunzi ndipo ilipo mali. Ni rahisi leo kuwacheka, lakini mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi angefika walikofika wao: nyimbo 8 kati ya 11, santuri zote zilizouzwa, sura iliyotambulika na sauti iliyozoeleka. Walichokosea ni kuhesabu nyimbo bila kuhesabu sauti. Kinanda cha Wright, chenye noti ndefu zinazoelea kama ukungu, kilikuwa kimekwisha kuwa nusu ya kile ambacho watu walikiita Pink Floyd, na hakuna mkataba uliokuwa umekiandika mahali popote.

Hata hivyo, waliobaki hawakujua nguvu yao iko wapi. Walianza kwa kujaribu kuwa Barrett. Santuri mbili walizotoa mwaka 1968, "It Would Be So Nice" na "Point Me at the Sky", zilianguka, na baada ya hapo hawakutoa tena santuri ya wimbo mmoja nchini Uingereza hadi mwaka 1979. Kwa bendi nyingine yoyote hiyo ingekuwa hukumu ya kifo. Kwao iligeuka kuwa ruhusa ya kuacha kutafuta wimbo wa dakika 3, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuuandika.

Mabadiliko yanasikika katika albamu ya pili, "A Saucerful of Secrets", iliyotoka Juni 1968. "Jugband Blues" umewekwa mwisho, ukiwa ndio utunzi pekee wa Barrett humo. "Set the Controls for the Heart of the Sun", wenye ngoma za Mason zinazogongwa kwa fimbo laini na sauti ya Waters inayonong'ona, ndio wimbo pekee wanamosikika wote watano. Lakini kipande kinachobeba jina la albamu ndicho kilichofungua njia. Ni cha dakika 12 bila maneno, na kabla ya kukipiga Waters na Mason walikichora kwenye karatasi, vilele na mabonde, kama wanafunzi wa usanifu wanavyochora jengo kabla ya kulijenga. Gilmour, aliyekuwa mgeni, alishangaa kuona muziki ukipangwa kwa mchoro. Hapo ndipo utegemezi kwa mtunzi mmoja ulipoanza kuisha. Mchoro hauhitaji mtu mwenye kipaji cha kuota wimbo mzima usingizini. Unahitaji watu wanne wenye subira wanaokubaliana kwamba hapa sauti inapanda na pale inashuka.

Ilichukua miaka mitatu zaidi kabla ya mtindo huo kuiva, na albamu zilizopo katikati nazipita upesi, kwa kuwa nyingine zilizaa sifa zaidi ya muziki. Mavuno ni "Echoes" wa mwaka 1971, uliojaza upande mzima wa albamu ya "Meddle" kwa dakika 23 na nusu. Waliingia studio bila wimbo hata mmoja, wakarekodi vipande vilivyotengana ambavyo walivipa jina la "Nothing", na miongoni mwavyo kulikuwa na noti moja ya piano ya Wright iliyopitishwa kwenye spika inayozunguka, ikatoa mlio kama wa chombo kilicho chini ya bahari. Kutokana na noti hiyo moja walijenga kipande ambacho wapenzi wengi wa bendi hii hukiweka juu ya vyote. Wright na Gilmour wanaimba pamoja kwa sauti zinazokaribiana hata mtu hawezi kuzitenganisha, na gitaa la Gilmour halina haraka. Kasi ya wenzake wa enzi hiyo hakuwa nayo, ila alijua muda gani wa kuiacha noti ilie.

"The Dark Side of the Moon", ya Machi 1973, haina haja ya kutetewa. Waliipiga jukwaani kuanzia Januari 1972, zaidi ya mwaka mmoja kabla haijauzwa, kwa hiyo walipoingia Abbey Road walikuwa wakisafisha kazi iliyokwisha kujaribiwa mbele ya watu. Ilidumu kileleni mwa chati ya albamu ya Marekani kwa juma moja tu, lakini ilibaki ndani ya chati hiyo kwa majuma 741 hadi mwaka 1988. "Money", unaokwenda kwa mapigo saba badala ya manne, unaanza kwa milio ya sarafu na mashine ya dukani iliyokatwa kwenye vipande vya utepe na kuunganishwa kwa mikono. "Us and Them" ulitokana na kipande cha piano ambacho Wright alikipiga kwa ajili ya filamu ya Michelangelo Antonioni na kukataliwa. Clare Torry, aliyelia bila maneno katika "The Great Gig in the Sky", alilipwa paundi 30 kwa kazi ya siku moja, na ilimlazimu kwenda mahakamani zaidi ya miaka 30 baadaye ndipo atambuliwe kama mtunzi mwenza. Katika kisa chetu, hata hivyo, wimbo unaohusika ni "Brain Damage", ulio karibu na mwisho, ambamo Waters anaimba kuhusu mwendawazimu aliye nje kwenye majani, kisha ukumbini, kisha ndani ya kichwa, na kuhusu bendi inayoanza kupiga nyimbo tofauti na za mwenzao aliyemo. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Southampton, na hii ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutajwa karibu waziwazi. Lilitajwa kwa mamilioni ya wasikilizaji, si kwa mhusika.

Isidhaniwe kwamba walikuwa wamemtupa kabisa. Barrett alitoa albamu mbili mwaka 1970, "The Madcap Laughs" na "Barrett", na waliomsaidia kuzimaliza ni haohao wenzake: Gilmour na Waters walishughulikia sehemu ya ile ya kwanza, Gilmour na Wright wakaisimamia ya pili. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa maana Barrett hakuurudia wimbo mara mbili kwa namna moja, na wapigaji walilazimika kumfuata mithili ya mtu anayemfuata mwenzake gizani. Baada ya hapo alirudi Cambridge. Gilmour ndiye aliyehakikisha kwa miaka mingi kwamba mirabaha ya nyimbo za zamani inamfikia, hata albamu za mkusanyiko zilipotoka. Kwa hiyo wema ulikuwepo. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Tunafika sasa kwenye "Wish You Were Here", albamu ambayo kisa hiki ndicho roho yake. Mwanzoni mwa 1975 watu wanne waliokuwa wamepata kila walichokitafuta walikaa Abbey Road wakiwa hawana la kusema, wengine wakichelewa, wengine wakiondoka mapema. Walichokuwa nacho ni kipande kilichoanza mwaka uliotangulia, pale Gilmour alipogusa noti nne za gitaa mazoezini na Waters akasikia ndani yake huzuni ambayo hakuweza kuiacha. Waters aliiandikia maneno ya kumwita Barrett, akimkumbusha alivyokuwa aking'ara kama jua na macho yake yalivyogeuka kuwa mashimo meusi. Wimbo ukawa "Shine On You Crazy Diamond", wenye sehemu 9 na dakika zinazozidi 25, na hakuna anayeimba hadi dakika ya nane imepita. Hapo palizuka mabishano juu ya mpangilio. Gilmour alitaka upande mmoja wa santuri ubebe wimbo huo wote na upande wa pili ujazwe nyimbo mbili nyingine walizokuwa wakizipiga jukwaani. Waters alitaka wimbo ukatwe vipande viwili, kimoja kifungue albamu na kingine kiifunge, na katikati ziingie nyimbo mpya kuhusu kutokuwepo: "Welcome to the Machine" na "Have a Cigar" zinazoisema biashara ya muziki, na wimbo wa "Wish You Were Here" wenyewe. Kura zilikuwa tatu kwa moja, Gilmour akashindwa. Sioni ubishi kwamba Waters alikuwa na haki, kwa kuwa bila mkato ule albamu ingebaki mkusanyiko wa nyimbo nzuri tu.

Wimbo wa "Wish You Were Here" unaanza kama redio inayotafutwa stesheni. Gitaa la kwanza linasikika dogo na la mbali, kana kwamba limo ndani ya redio hiyo, kisha gitaa la pili linajiunga nalo kwa karibu, kama mtu aliye peke yake chumbani anayepiga sambamba na mwenzake asiyeonekana. Katika nyimbo zao zote huu ndio unaopigwa zaidi na watu wenye gitaa moja na marafiki watatu, na sababu ni kwamba haudai kumjua Barrett. Msikilizaji humweka humo mtu wake mwenyewe. Na mwisho kabisa wa albamu, sehemu ya tisa ya "Shine On" inapofifia, Wright anachezesha kwenye sinthesaiza mstari mfupi wa "See Emily Play". Asiyejua haugundui. Nadhani Wright, mkimya kuliko wote, ndiye aliyesema neno la upole zaidi katika kazi ile yote, naye alilisema bila kufungua kinywa.

Tarehe 5 Juni 1975, wakiwa wanachanganya sauti za "Shine On You Crazy Diamond", mtu mnene aliyenyoa kichwa na nyusi aliingia studio akazunguka humo. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenzake. Ilipita muda kabla hawajatambua kwamba ndiye Barrett, na baadhi yao walilia. Msimulizi wa riwaya angeona haya kubuni tukio la namna hiyo. Lakini kwa uchambuzi wetu sehemu yenye uzito ni ile inayofuata, yaani kwamba hakuna kilichofuata. Hakuna aliyemketisha amweleze kuhusu gari la Januari 1968. Mgeni aliondoka, kazi ikaendelea, na wengi wao hawakumwona tena maishani.

Kwamba ukimya ulikuwa umekuwa desturi kunathibitishwa na yaliyompata Wright. Mwaka 1979, katikati ya kurekodi "The Wall", aliondolewa katika bendi kwa shinikizo la Waters, lakini wasikilizaji hawakuambiwa. Aliajiriwa kwa mshahara kupiga katika maonyesho ya 1980 na 1981, na kwa kuwa maonyesho hayo, yenye ukuta halisi uliojengwa jukwaani kila usiku, yalileta hasara iliyobebwa na wenye bendi watatu, mwajiriwa Wright akawa ndiye pekee aliyetoka na faida. Albamu yenyewe ni habari ya mwanamuziki anayejifungia nyuma ya ukuta. Baba aliyeuawa vitani ni wa Waters, ambaye baba yake aliuawa Anzio, Italia, mwaka 1944, ilhali macho matupu na kunyoa nyusi katika filamu iliyofuata ni vya Barrett. Ilizaa "Another Brick in the Wall, Part 2", wenye sauti za watoto wa shule ya Islington Green, uliofika namba moja nchini Uingereza na kupigwa marufuku na serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini mwaka 1980 wanafunzi weusi walipoufanya wimbo wao wa kuipinga elimu duni. Ilizaa pia "Comfortably Numb", ambao muziki wake ni wa Gilmour na maneno ni ya Waters, kuhusu sindano aliyodungwa na daktari ili aweze kupanda jukwaani. Wimbo huo ulipiganiwa studio hatua kwa hatua, na solo yake ya mwisho inasikika kama mtu anayemjibu mwenzake kwa gitaa kwa sababu maneno yamekwisha.

Waters aliondoka Desemba 1985 akiamini kwamba bila yeye bendi imekwisha, akakimbilia mahakamani mwaka uliofuata kuzuia jina lisitumike. Hesabu yake ilikuwa ileile ya mameneja wa 1968, kwamba alipo mtunzi ndipo ilipo bendi. Wakapatana mwisho wa mwaka 1987, Gilmour na Mason wakabaki na jina, Wright wakiwa wamekwisha kumrudisha, na viwanja vikajaa. Albamu walizotoa hazina makali ya zile za Waters, nasema hivyo bila kusita, ila sauti ilitambulika tangu noti ya kwanza.

Tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8 pale Hyde Park, London, wanne hao walisimama pamoja baada ya miaka 24. Kabla ya "Wish You Were Here" Waters aliwaambia watu kwamba wanaupiga kwa ajili ya wote wasiokuwepo, na hasa kwa ajili ya Syd. Barrett alikuwa Cambridge, akiishi kwa jina lake la kuzaliwa, Roger, akichora na kutunza bustani. Alifariki tarehe 7 Julai mwaka uliofuata akiwa na miaka 60.

Mei 2007 wanamuziki mbalimbali walikusanyika katika ukumbi wa Barbican jijini London kumkumbuka kwa nyimbo zake. Waters alifika, akaimba wimbo wake mwenyewe katika sehemu ya kwanza ya onyesho. Gilmour, Wright na Mason walipanda mwishoni na kupiga "Arnold Layne", Wright akiimba. Wote wanne walikuwa katika jengo moja usiku huo, kwa ajili ya mtu mmoja, na walipanda jukwaani kwa zamu.